Harusi ya Dar na Muziki Wake: Tuliyojifunza Kwenye Kamati

Kamati nyingi za harusi hapa Dar es Salaam hukutana wiki baada ya wiki, zikahesabu ahadi za michango, zikabishana rangi za mapambo na idadi ya kreti za soda, halafu muziki ukawekwa kwenye mstari wa mwisho wa bajeti: "MC na DJ". Mstari mmoja, kiasi kimoja, imetoka hiyo. Siku ya siku ndipo watu wanagundua kwamba kila kitu kilikuwa kinasubiri muziki. Kamati haiingii bila wimbo, wazazi hawainuki bila wimbo, keki haikatwi, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) haitoki jikoni, zawadi haziendi mbele. Muziki ndio saa ya sherehe, na saa hiyo ikiachwa ijiendeshe yenyewe, mwenye ukumbi atakuja kuzima taa saa sita usiku watu hawajacheza. Tunaokaa kwenye kamati hizi kila mwaka tunayaona makosa yaleyale yakirudiwa na familia mpya. Nayaandika kwa mpangilio wa safari yenyewe, tangu kikao cha kwanza.

Kinachoanza ni tarehe, na tarehe haichaguliwi na maharusi peke yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 au zaidi kabla ya ndoa. Kanisani matangazo husomwa Jumapili tatu, kwa hiyo karatasi zikichelewa wiki moja, harusi nayo inachelewa wiki moja, na ukumbi mmeshaulipia. Kwa Wakatoliki kuna mtego mwingine: parokia hutaka cheti cha ubatizo kilichotolewa upya ndani ya miezi sita, na kinatoka parokia uliyobatiziwa. Aliyebatiziwa Rombo au Bukoba aanze kupiga simu nyumbani mapema, asisubiri mafundisho ya ndoa yaishe. Parokia nyingi hazifungishi ndoa za sherehe wakati wa Kwaresima, na kwa Waislamu mwezi wa Ramadhani haupangiwi mnuso. Mkitaka sherehe ya nje, kwenye bustani au ufukweni, kumbukeni masika ni Machi hadi Mei, na vuli inaweza kuwamwagia maji Novemba hata Desemba. Mvua inaharibu mitambo ya muziki kabla haijaharibu kitu kingine chochote.

Baada ya tarehe, fedha. Ahadi si pesa. Watu wanaahidi kikaoni kwa sababu mjumbe wa pembeni ameahidi, na mwezi wa mwisho simu zao hazipokelewi. Kama daftari linaonyesha ahadi za milioni 18, mimi ningepanga matumizi ya lazima kwa milioni 12, kinachozidi kikaongeze mapambo. Muziki uingie kwenye yale ya lazima, na ulipiwe kianzio kutoka kwenye michango ya kwanza inayoingia taslimu. Washereheshaji na madijei wanaotegemewa hushikwa mapema kwa Jumamosi za Desemba, na mkienda wamebaki wa kubahatisha mtalipa bei ileile.

Vunjeni ule mstari mmoja wa bajeti uwe vipande: MC, DJ, mitambo, jenereta, matarumbeta kama mnayataka, shukrani ya kwaya na mpiga kinanda, na akiba kidogo ya betri, waya na chakula cha mafundi. Mara nyingi MC huja na DJ wake na mitambo kwa bei ya pamoja. Hilo ni zuri kwa sababu wamezoeana. Ubaya wake ni kwamba MC akipata udhuru mnapoteza vyote kwa mpigo. Muulizeni maswali matatu kabla ya kutoa kianzio. Mitambo ni ya nani, yako au ya kukodi? Siku hiyo una kazi nyingine mchana au usiku? Ukiugua, nani atasimama badala yako, na tumeshamwona akifanya kazi? La pili ndilo linalozuia aibu ya kuletewa kijana anayejifunza huku mkubwa wake yuko ukumbi mwingine. Muulizeni pia usajili wake BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Makubaliano yaandikwe hata kama ni ukurasa mmoja: saa ya kufika, saa ya kumaliza, idadi ya maiki, malipo ya muda wa ziada, na salio litalipwa lini. Mkimlipa yote wiki moja kabla, hamna cha kumshikia.

Halafu teueni mtu mmoja wa muziki. Asiwe bwana harusi, asiwe bibi harusi, na asiwe mwenyekiti wa kamati ambaye siku hiyo atatafutwa na mpishi, mlinzi na dereva kwa dakika ileile. Anayefaa ni dada au mdogo wa maharusi anayejua majina ya ndugu wa pande zote mbili na anayeweza kumwambia shangazi "samahani, hapana" bila kuzua ugomvi.

Ugomvi upo, tusifichane. Upande mmoja ni walokole, hawataki kusikia bongo fleva wala kuona chupa ya shampeni. Upande wa pili wajomba wanadai bila dansi la bendi kongwe za Msondo au Sikinde hakuna harusi. Vijana wanataka singeli na amapiano. Bibi harusi katikati analia chumbani. Mambo haya yamalizwe kwenye kikao cha wazazi wa pande mbili mapema, na kwa maswali ya moja kwa moja: nyimbo za kidunia zitapigwa au hazitapigwa? Zikipigwa, kuanzia saa ngapi? Utaratibu unaofanya kazi ni kugawa usiku. Mpaka chakula kiishe, nyimbo za injili, kasida au ala tupu, kulingana na familia. Baada ya zawadi, wazee wapewe zilipendwa zao nusu saa kamili wakiwa bado wapo, kisha vijana waachiwe uwanja. Mkianza na singeli, wazee wataaga kabla ya keki, na bahasha zao wataondoka nazo.

Kanisani muziki si wa kamati, ni wa kanisa. Pelekeni orodha kwa mwalimu wa kwaya walau wiki tatu kabla, mkubali atakayofuta. Katika misa ya ndoa ya Kikatoliki nyimbo zinafuata sehemu za liturujia: kuingia, wimbo wa katikati, shangilio la Injili, matoleo, komunyo, shukrani, kutoka. Mahali pa wimbo wa mapenzi kutoka kwenye flashi hapapo. Ndugu wengi hukasirika wakiambiwa hata zile nyimbo mbili za Kizungu za maharusi zinazojulikana dunia nzima hazitakiwi, lakini sababu ipo. Wa mtunzi Mendelssohn, wa mwaka 1842, ulitungwa kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare. Wa Wagner umetoka kwenye opera, yaani mchezo wa kuimbwa, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Weimar, Ujerumani, mwaka 1850, na ndani ya opera hiyo ndoa inavunjika usiku uleule. Padri akikataa, msibishane naye mlangoni. Kwenye makanisa ya Kilutheri na ya kiroho kuna nafasi zaidi, ila ulizeni, msikisie.

Jambo ambalo halizoeleki: pimeni urefu wa njia ya katikati. Mwendo wa bibi harusi mwenye gauni lenye mkia na viatu virefu ni polepole mno kuliko mnavyodhani, na wapambe wakiachana mita tatu tatu, msafara wa jozi nne unakula dakika mbili kabla bibi harusi mwenyewe hajatokea. Fanyeni mazoezi siku moja kabla na mpiga kinanda akiwepo, na wimbo uwe na kiitikio kinachoweza kurudiwa au kukatwa. Wimbo ukiisha bibi harusi akiwa katikati ya kanisa, ukimya ule unasikika mpaka kwenye video.

Kwa ndoa ya Kiislamu mambo ni mepesi. Nikahi yenyewe haihitaji muziki, inahitaji walii, mashahidi wawili na mahari. Vijana wa madrasa na dufu zao waambiwe saa ya kufika, wapewe usafiri na chakula, basi. Kazi iko kwenye sherehe ya akina mama, na hapo ndipo taarabu inapoingia. Mkileta kundi la taarabu, jueni kwamba watu hawaji kusikiliza tu. Wanakuja kutunza, na kila noti ina maneno yake. Mama akiinuka kwenye beti ya kijembe, akanyoosha noti ya elfu tano huku akimwangalia wifi yake wa meza ya pili, ukumbi mzima umeelewa, na beti inayofuata wifi naye atainuka. Ndiyo raha yake, sikatai. Lakini kama familia mbili zina donda bichi kuhusu mahari au mke mwenza, mwombeni kiongozi wa kundi aanze na nyimbo za kusifu maharusi, mipasho aiweke mwishoni au aiache. Na semeni mapema pesa za kutunza ni za nani. Kwa kawaida ni za kundi, ila wapo wanafamilia wanaodhani ni mchango wa bibi harusi.

Sasa uchaguzi wa nyimbo. Kosa linaloongoza ni kuchagua kwa mdundo bila kusikiliza maneno mpaka mwisho. Zipo nyimbo tamu kabisa za taratibu ambazo ukizifuatilia ni za mtu aliyeachwa, na maharusi wanazitumia kuingilia ukumbini. Za Kilingala, Kiingereza au lugha za Nigeria ndizo hatari zaidi, kwa sababu anayechagua haelewi lakini mjomba aliyekaa Lubumbashi miaka kumi anaelewa. Kila wimbo wa tukio usikilizwe wote na watu wawili. Kama mama au baba wa mmoja amefariki, ulizeni kwanza kabla ya kuweka wimbo wa kumshukuru mama. Wengine wanautaka, wengine utawavunja mbele ya wageni mia tatu.

Kila wimbo wa tukio uandikiwe dakika ya kuanzia. Nyimbo nyingi zina utangulizi mrefu kabla ya mdundo, na watu wakisimama mlangoni sekunde arobaini wakisubiri ngoma ilie, wanaonekana kama wamesahau walichofuata. Faili zipangwe kwa namba na tukio, mfano "01 kamati kuingia, anza 0:42", "02 wazazi wa bwana", "03 wazazi wa bibi", mpaka ya mwisho. Ziwekwe kwenye flashi mbili, moja kwa DJ na nyingine kwenye mkoba wa mtu wa muziki. Msitume nyimbo kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, zinapungua ubora na kwenye spika kubwa zinasikika kama redio ndani ya ndoo. Na kama simu ndiyo itakayopiga, iwekwe hali ya ndege, la sivyo simu ya mpishi itakata wimbo wa bibi harusi. Orodha ichapwe nakala tatu: MC, DJ, mtu wa muziki. Karatasi haizimi chaji.

Kuhusu muda, kaeni na kalamu mpige hesabu. Kamati kuingia dakika 5, wazazi 10, maharusi 15, utambulisho 20, keki na shampeni 25, chakula 60, zawadi 60, nasaha na shukrani 15. Jumla dakika 210, yaani saa tatu na nusu. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, lakini Jumamosi kwa foleni ya Barabara ya Bagamoyo, na maharusi walipitia Coco Beach kupiga picha, msafara unaanza kuingia saa mbili na nusu usiku. Ongezeni saa tatu na nusu, mmefika saa sita kamili. Hakuna hata dakika moja ya kucheza. Ndiyo maana watu husema harusi ilikuwa nzuri ila haikuchangamka.

Panapokatika ni utambulisho na zawadi. Utambulisho wa ukoo mzima ulishafanyika kwenye sendofu (sherehe ya kumuaga bibi harusi), ukumbini watoshe wazazi na wasimamizi. Zawadi ndizo zinazomeza usiku, kwa sababu kila kundi linataka wimbo wake: wafanyakazi wenzake bwana, kikundi cha kufa na kuzikana, jumuiya, majirani wa Kimara, waliosoma pamoja. Makundi 12 kwa dakika tano ndiyo hiyo saa nzima. Yachanganyeni yawe sita, kila moja lipewe dakika tatu, DJ ashushe sauti taratibu ikifika mwisho, na MC asiwe mtu wa kuomba "tuwarudishe tena". Nyimbo za asili zipewe nafasi hapa, maana wimbo wa Kihaya, wa Kichaga au ngoma ya Kisukuma huinua watu ambao bongo fleva haiwagusi. Ndafu ikitolewa, wimbo wake uanze wapishi wakiwa bado mlango wa jikoni, siyo wakishafika mezani. Shangazi mmoja lazima atamfuata DJ kumwambia, "Mwanangu, huo utupigie tena." DJ ajibu kwa heshima kwamba amwone mtu wa muziki, na mtu wa muziki aahidi kuupiga wakati wa kucheza. Na aupige kweli.

Matarumbeta ni raha ya barabarani. Wale vijana juu ya kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), na ngoma kubwa nyuma, ndio wanaowaambia watu wa Manzese kwamba kuna harusi. Wasipige kwenye eneo la kanisa mpaka maharusi watoke nje, na ratiba ya vituo vyao iandikwe: nyumbani, kanisani, ukumbini. Wanapofika ukumbini ndipo linapotokea vurugu, kwa sababu tarumbeta na spika za DJ hushindana, maharusi hawajui wafuate mdundo upi. Amueni mapema: ama tarumbeta zinaishia nje na DJ anapokea, ama DJ ananyamaza kabisa na tarumbeta zinawapeleka maharusi mpaka jukwaani. Nusu nusu haifai.

Mlango huo wa ukumbi unastahili mtu wake. Dakika tano kabla ya kuingia, mtu wa muziki asimame pale na ahakikishe mpiga video amekaa tayari ndani, taa za mapambo zimewashwa, mkia wa gauni umenyooshwa na matroni, wageni wamesimama, ndipo ampigie DJ simu. DJ haoni mlango kutoka alipo, na MC akisema "wapokeeni!" bibi harusi akiwa bado anafunga kiatu, wimbo utafika kiitikio cha pili mlango ukiwa mtupu.

Mitambo ijaribiwe mchana, ukumbi ukiwa mtupu, na ikumbukwe kwamba ukumbi ukijaa, miili ya watu hunywa sauti, hasa ile nyembamba ya maneno. Maiki zisipungue tatu: ya MC, ya wazazi na wasoma risala, na moja ya waya kama akiba. Betri ziwe mpya siku hiyo. Maiki inapiga yowe kwa sababu inasikia sauti yake yenyewe ikitoka kwenye spika, kwa hiyo spika zikae mbele ya jukwaa zikitazama wageni, na wazazi wasiongee wakiwa wamesimama mbele ya spika hizo. Umeme wa muziki usichanganywe na friji na majiko ya mpishi kwenye laini moja, utaleta mvumo na pengine kukata. Jenereta ndogo ya kVA 5 inatoa takribani kilowati 4. Hiyo ni ya taa na maiki, haibebi spika kubwa za besi. Muulizeni fundi mitambo yake inakula wati ngapi, kisha jenereta iwe na nguvu ya kuzidi hapo, mafuta yawe yamejazwa, na anayejua kuiwasha asiwe amekaa mezani anakula pilau.

Sendofu au mnuso wa nyumbani wenye turubai mtaani uanzie ofisi ya serikali ya mtaa na kituo cha polisi kwa kibali, na mzime kwa saa iliyoandikwa. Jirani mwenye mgonjwa aende kuambiwa kwa mdomo.

Mwisho wa usiku mtu wa muziki achukue flashi, ahesabu maiki pamoja na fundi, mweka hazina atoe salio na asaini. Mpiga video aambiwe tangu mapema achukue sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa ya DJ, siyo ya kamera tu, vinginevyo nasaha za baba zitazama kwenye kelele za sahani. Muombeni pia nakala mbili: moja iliyopambwa kwa nyimbo, na nyingine yenye sauti halisi za ukumbini bila muziki uliobandikwa juu, kwa sababu ile ya kwanza mkiipandisha YouTube huenda ikazuiwa au kunyamazishwa kwa ajili ya hakimiliki ya nyimbo, na ndugu walio Muscat au Ujerumani wataishia kutazama maharusi wakicheza kimyakimya.